Henza: Siku Nne Nikimfuata Elizabeth Tilley

Ijumaa. Lowell hadi Provincetown

Tumetoka Lowell, Massachusetts, Marekani, mara baada ya swala ya alfajiri, mimi na binti yangu Rehema, chupa ya chai ya tangawizi katikati yetu na kopo la visheti kiti cha nyuma. Rehema ana miaka 13. Nautaja umri wake mapema kwa sababu ndio ulionitoa nyumbani.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimhudumia bibi mmoja mzee, sasa marehemu. Ukutani kwake palitundikwa nasaba ya ukoo wake, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyokwisha kuwa ya njano. Jioni, nikishamlisha na kumfunika miguu, alipenda kunisomea kwa kidole: huyu kamzaa huyu, huyu kamzaa huyu, mpaka akafika juu kabisa kwa John Howland, kijana aliyekuja Marekani na Mayflower, meli ya wahamiaji Waingereza, mwaka 1620, akaanguka baharini katikati ya Atlantiki, akaokolewa na kamba. Nilikuwa namsikiliza kwa raha. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa jahazi Pangani, na utotoni nimesikia visa vingi vya watu walioangukia majini. Lakini pembeni ya John palikuwa na jina jingine, Elizabeth Tilley, na kila nilipomuuliza habari zake bibi alinijibu neno moja: mkewe. Nikaanza kumtafuta huyo mke mwenyewe, jioni baada ya jioni, nikirudi kazini.

Nilichokipata ni hiki. Alibatizwa Agosti 1607 katika kijiji cha Henlow, Bedfordshire, Uingereza, kitinda mimba wa John Tilley na Joan Hurst. Ndugu zake wakubwa walibaki kwao. Yeye aliingizwa melini na baba na mama, pamoja na baba yake mdogo Edward na mkewe Ann, ambao nao walikuwa wakilea watoto wawili wa jamaa zao. Alikuwa na miaka 13. Hapo ndipo nilipofunga karatasi zangu nikaenda kumwangalia Rehema amelala.

Njia ya kwenda Provincetown inakwenda hadi ncha ya Cape Cod, mkono wa mchanga uliojikunja kama ngumi baharini. Ni zaidi ya kilomita 200 kutoka kwetu. Tumefika jua limepanda. Juu ya mji umesimama mnara wa mawe wa ukumbusho, uliokamilika mwaka 1910, urefu wake mita 77 hivi, nasi tumeupanda wote kwa miguu, Rehema mbele, mimi nyuma nikishika magoti. Kule juu unaiona bandari yote. Meli ilitia nanga hapo tarehe 11 Novemba 1620 kwa kalenda yao ya zamani, iliyokuwa nyuma ya yetu kwa siku 10. Wanaume 41 walitia saini mapatano ya namna watakavyojitawala. John Howland yumo, ingawa alikuwa mtumishi wa bwana John Carver. John Tilley yumo. Edward yumo. Wanawake na watoto hawakuulizwa.

Sasa kile kisa cha kamba. Aliyekiandika ni William Bradford, aliyekuwa melini na baadaye akawa gavana wao kwa miaka mingi. Dhoruba ilikuwa kali, matanga yamekunjwa, meli imeachwa ielee. Howland akapanda juu sitahani, meli ikayumba, akatupwa nje. Kamba za tanga la juu zilikuwa zimening'inia majini, akazidaka. Akazama pima kadhaa chini ya maji na hakuachia. Wakamvuta kwa kamba ileile hadi juu ya maji, wakamnasa kwa kulabu ya mashua, wakampandisha. Bradford anasema aliugua kidogo, kisha akaishi miaka mingi na kuwa mtu wa faida kwa wenzake.

Kamba ile kwa Kiswahili cha mabaharia ni henza, ya kutwekea tanga. Nilimweleza Rehema na nikamwonyesha kwa mikono jinsi babu alivyokuwa akiivuta, mwili mzima ukirudi nyuma. Baharia anaijua henza gizani, anaijua kwa unene wake na kwa mahali ilipofungwa. Howland hakuwa baharia, alikuwa kijana wa Fenstanton, bara kabisa, na mkono wake ukaikuta tu. Mfa maji haachi kutapatapa, tunasema, lakini wengi hutapatapa wakashika povu.

Tumelala kwenye nyumba ndogo ya wageni. Upepo umevuma usiku kucha.

Jumamosi. Eastham

Leo hatukusafiri sana. Tumepita Truro, penye kilima kiitwacho Corn Hill, ambapo wale wageni walifukua mahindi yaliyohifadhiwa ardhini na wenyeji, wakayachukua ya mbegu. Kisha tukateremka Eastham, ufuo wa First Encounter, tukakaa hapo karibu siku nzima. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, unaweza kutembea mpaka miguu ikachoka kabla hujafika yanapoanzia.

Ufuo huu nimeutamani kuliko yote, kwa sababu ya watu waliokuwa ndani ya mashua moja. Desemba 1620 kikundi kidogo kilitumwa kutafuta mahali pa kujenga. Katika orodha yao wamo Carver, Bradford, Standish, Winslow, na humohumo wamo John Tilley, Edward Tilley na John Howland. Yaani baba wa Elizabeth na mume wake wa baadaye walikaa bega kwa bega kwenye mashua, na bila shaka hawakuwa na habari ya ukwe. Baridi ilikuwa ya kutisha. Maji yaliyowarukia yaliganda juu ya makoti yakawa magumu kama chuma. Edward Tilley alikaribia kuzimia.

Alfajiri moja hapa walishambuliwa kwa mishale na watu wa Nauset, wenyeji wa pwani hii. Wao wakajibu kwa bunduki. Hakufa mtu upande wa wageni. Katika vitabu vingi vya shule habari inaishia hapo, na Rehema pia ndivyo alivyoisoma. Nikamwambia arudi nyuma miaka sita. Mwaka 1614 nahodha Mwingereza, Thomas Hunt, aliwarubuni wenyeji wa pwani hii wapande melini kwake kama kwa biashara, 20 kutoka Patuxet na 7 kutoka Nauset, akawafungia, akawapeleka Málaga, Hispania, kuwauza. Basi watu wa Nauset walipoona mashua nyingine ya Waingereza ikipanda ufuoni kwao, walikuwa na haki ya kuiogopa.

"Mama, hao 7 walirudi?"

Kati ya wale 20 wa Patuxet mmoja alirudi, Tisquantum, kwa kuzunguka Hispania, London na Newfoundland. Alifika kwao mwaka 1619 akakuta kijiji kitupu. Maradhi yaliyoletwa na meli yalikuwa yameua pwani hii tangu 1616. Hao 7 wa Nauset sina la kumwambia mwanangu. Alinyamaza, akaanza kuokota makombe ya chaza akiyapanga kwa mstari.

Mashua ile, baada ya shambulio, iliendelea kukata maji magharibi. Dhoruba ikaivunja usukani, kisha mlingoti ukakatika vipande vitatu. Wakaingia kwa makasia gizani hadi kisiwa kidogo, wakapumzika, wakaadhimisha Jumapili yao, na Jumatatu wakashuka bara. Walikuwa wamefika Patuxet, kijiji cha Tisquantum, ndipo walipojenga mji wao wa Plymouth. Mashamba yalikuwa yamekwisha fyekwa, na wenyewe wamekufa.

Jumapili. Plymouth na Kingston

Tumekuja Plymouth asubuhi. Jiwe maarufu la Plymouth, linalosemwa ndipo wageni waliposhukia, tumeliona: dogo, limechongwa 1620, limewekwa shimoni chini ya nguzo kubwa. Watu wanalipiga picha. Sisi tulipanda ngazi kwenda Cole's Hill, kilima kilicho juu yake, na hapo ndipo nilipotaka kufika tangu Lowell.

Kilima hiki ni makaburi. Kati ya abiria 102 wa Mayflower, karibu nusu walikufa kabla ya majira ya joto ya 1621, kwa baridi, njaa na maradhi. John Tilley alikufa. Joan alikufa. Edward alikufa na Ann alikufa. Sijui ni nani aliyemshika mkono Elizabeth. Kwetu akifiwa mtoto wanakuja kina shangazi, wanakuja majirani na unga na kuni, nyumba inajaa watu arobaini nzima. Yeye shangazi aliyekuwa naye ndiye naye amezikwa. Inaaminika alichukuliwa na nyumba ya Carver, aliyekuwa gavana wa kwanza. Na Carver naye akafa Aprili 1621, ametoka shambani analalamika kichwa. Mkewe Katherine akamfuata baada ya wiki chache. Kwa hiyo mtoto huyu alifiwa na wazazi wawili mara mbili ndani ya miezi michache. Mwanamume mtu mzima aliyebaki katika nyumba ile ni mtumishi, John Howland, sasa hana bwana.

Rehema aliniuliza kama Elizabeth aliweza kulia. Nikamwambia naamini alilia, ila hakuna aliyeandika.

Hatua chache kutoka hapo imesimama sanamu ya shaba ya Ousamequin, mkuu wa Wampanoag, wenyeji wa nchi hii, ambaye wengi wanamjua kwa cheo chake cha Massasoit. Machi 1621 alifanya mapatano ya amani na wageni hawa dhaifu, na mapatano yakashikilia zaidi ya miaka 50. Karibu na sanamu kuna bamba lililowekwa kwa ajili ya Siku ya Maombolezo ya Kitaifa. Tangu mwaka 1970 watu wa asili hukusanyika hapa kila sikukuu ya Kushukuru kuwakumbuka wahenga wao. Tumelisoma bamba lote, mstari kwa mstari, kwa sauti.

Tumeingia Mayflower II, mfano wa ile meli ya zamani, iliyojengwa Brixham, Uingereza, na kuvushwa bahari mwaka 1957. Nilitafuta henza kwanza. Niliikuta, nikaishika, nene, ya kukwaruza kiganja. Halafu tukashuka chini walikokaa abiria, na huko mtu mrefu anainama. Siku 66 walikaa humo kabla ya kuiona nchi kavu, na mizigo yao, na mbuzi wao, na watoto wao, na tundu la kupitishia hewa limefungwa kila bahari ikichafuka. Elizabeth alikuwa mahali kama humu siku ile John alipovutwa kutoka majini. Labda alisikia kelele juu ya kichwa.

Walioana karibu mwaka 1623. Mwaka 1627, Plymouth walipogawana mifugo, watu 156 waligawanywa mafungu 12. Fungu la nne lilimwangukia John Howland na watu wake, na katika orodha wanafuata mkewe Elizabeth, kisha watoto wawili, John na Desire. Fungu lao lilipata mtamba aliyeitwa Raghorn. Nimefurahi sana kumjua ng'ombe huyu kwa jina. Watu 13 kwa mtamba mmoja! Mwaka huohuo John akawa mmoja wa wanaume wanane wa Plymouth waliokubali kubeba deni la koloni kwa wafadhili wa London, pauni 1,800, na kulilipa kwa ngozi za biva, mnyama wa mitoni mwenye manyoya ya thamani. Kwa ajili ya biashara hiyo aliwahi kusimamia kituo cha mto Kennebec, kaskazini, ambako mwaka 1634 mmoja wa watu wake, Moses Talbot, alipigwa risasi na mfanyabiashara mwingine Mwingereza, naye muuaji akauawa papo hapo. Kugombea ngozi tu.

Mtaa wa Sandwich ipo nyumba ya mtoto wao Jabez, ya mbao, iliyojengwa karibu mwaka 1667. Ndiyo nyumba pekee iliyobaki Plymouth ambayo watu wa Mayflower waliishi ndani yake. Dari liko chini na mekoni ni pakubwa kuliko jikoni kwangu kote. Nilisimama mbele ya meko hayo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. John alipokufa Februari 1673, akiwa amepita miaka 80, Elizabeth alikaa hapa na mwanawe. Mjane wa miaka 65, na wajukuu wanapita mbio. Moto huu aliuota yeye.

Wana kumi: Desire, John, Hope, Elizabeth, Lydia, Hannah, Joseph, Jabez, Ruth, Isaac. Hope ni Tumaini, jina ambalo kwetu pia tunawapa watoto. Desire inasemekana aliitwa kwa ajili ya Desire Minter, msichana aliyekuwa katika nyumba ya Carver pamoja nao. Wote kumi walikua, wote wakaoa na kuolewa. Kwa karne ile, tena kwa mama aliyefiwa na wazazi wake wote kwa msimu mmoja, hili mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko kuokoka kwa kamba. Wajukuu walizidi 80. Katika kizazi chao wametokea marais Franklin D. Roosevelt na George H. W. Bush, na Joseph Smith aliyeanzisha dini ya Wamormoni. Watu hupenda kusema kwamba bila ile kamba hao wasingekuwepo. Ni kweli. Na bila yule yatima pia wasingekuwepo.

Jioni tukaenda Rocky Nook, Kingston, mahali walipokuwa na shamba lao la uzeeni. Nyumba haipo. Kuna ghuba, majani ya chumvi na ndege. Nimefikiria habari ya ndugu za John, Arthur na Henry, waliowaegemea Wakweka, watu wa dhehebu jingine la Kikristo, wakati koloni ikiwatesa Wakweka. John alibaki katika kanisa la wakubwa. Mtoto wa Arthur, naye Arthur, alimpenda binti wa gavana Prence, na mwaka 1660 mahakama ikamtoza faini ya pauni 5 kwa kumchumbia bila idhini ya baba. Hakuachia. Miaka saba baadaye akaletwa tena mahakamani kwa kosa lilelile, na mwisho akamwoa. Rehema alicheka sana, akasema hawa watu wa kushikilia ndio walivyo.

Jumatatu. Bristol, Swansea, East Providence

Leo ni sikukuu. Kwenye kalenda ya mji mmoja tuliopita imeandikwa Siku ya Columbus, mji wa pili Siku ya Watu wa Asili.

Tumeingia Rhode Island, rasi ya Bristol, hadi Mount Hope. Hapa ndipo alipokaa Metacom, mtoto wa Ousamequin, ambaye Waingereza walimwita Philip. Ardhi ilikuwa imemegwa na kumegwa, kila mwaka hati mpya, mpaka Juni 1675 vita vikalipuka Swansea, kilomita chache kutoka hapa. Na huko Swansea ndiko alikokuwa ameolewa Lydia, binti wa Elizabeth. Mumewe James Brown alikuwa mmoja wa waliotumwa kwa Metacom kusuluhisha kabla damu haijamwagika, usuluhishi ukashindwa. Mkwe mwingine, John Gorham mume wa Desire, alikwenda vitani na kufia Swansea kwa homa Februari 1676. Jabez alipigana chini ya Benjamin Church.

Metacom aliuawa hapa Mount Hope tarehe 12 Agosti 1676. Kichwa chake kilipelekwa Plymouth na kutundikwa juu ya mti, kikakaa zaidi ya miaka 20. Mtoto wake wa kiume, wa miaka 9 hivi, mjukuu wa yule Ousamequin aliyewalisha na kuwalinda, walimjadili afe au auzwe. Wakamuuza utumwani. Mama yake pia alitekwa.

Nimetembea jana mji ule. Kutoka nyumba ya Jabez hadi katikati ya Plymouth ni mwendo mfupi. Elizabeth alikuwa akiishi hapo, mjane mcha Mungu, mwenye wajukuu wa umri uleule wa miaka 9. Nimempenda mwanamke huyu, nimemfuata siku nne na nimelala nikimwota, na siwezi kumtoa katika mji ule. Alijua yatima ni nini kuliko yeyote pale. Alipokwenda sokoni au kanisani kichwa kile kilikuwapo.

Mwaka 1680 Jabez aliuza nyumba ya Plymouth akahamia Bristol, mji mpya uliopimwa juu ya ardhi ya Metacom. Mama akahamia Swansea kwa Lydia.

Tumefika makaburi ya Little Neck, East Providence, saa tisa alasiri. Ni padogo, kando ya hori la bahari. Amezikwa hapa pia Thomas Willett, meya wa kwanza wa New York. Jiwe la Elizabeth ni la miaka ya baadaye. Alikufa tarehe 21 Desemba 1687, ana miaka 80. Mwaka mmoja kabla aliandikisha wasia, akataja kwamba ana miaka 79, akagawa alivyokuwa navyo, akawausia watoto wake wamche Mungu, wapendane na wakae kwa amani.

Nilisimama. Rehema akaweka juu ya jiwe kombe moja la chaza alilolitoa Eastham, halafu akalitazama, akatembea hadi ukingoni mwa hori, akaliweka jingine huko chini kwenye mchanga.

Ndani ya gari, tukiwa tumekaribia Boston, nikadhani amelala.

"Mama, yule Desire Minter, wa kwanza, alikwenda wapi?"

"Alirudi kwao Uingereza. Akafia huko."

"Kumbe walikuwa wanaweza kurudi?"

"Wachache. Na Humility Cooper, yule mtoto aliyelelewa na kina Edward, naye aliitwa na jamaa zake akarudi."

"Na Elizabeth hakuitwa na wale kaka na dada zake?"

Nikamwambia sijaona barua yoyote. Akafungua kopo, akanipa kisheti cha mwisho.